Mstari Aliouruka Hatre

Husimuliwa na waliopokea kwa waliowatangulia, Mungu awarehemu wote, kwamba katika nyumba moja ya watawa ukingoni mwa Nili palikuwa na mtawa jina lake Hatre, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili vitabu. Zama hizo hapakuwa na mashine za kuchapa; kanisa lililotaka kitabu lilisubiri mpaka mtu akiandike neno kwa neno kwa kalamu ya tete. Na mkono wa Hatre ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Wageni walitoka mbali kuja kuutazama.

Ilikuwa desturi ya wanakili kumalizia kitabu kwa maneno machache ya unyenyekevu, kama vile: "Msomaji, niombee mimi mwenye dhambi." Hatre hakuandika hivyo. Yeye alimalizia: "Kimenakiliwa na Hatre. Hakuna neno lililopungua." Ndugu zake waliyaona maneno hayo, wakatazamana.

Lakini jambo moja hakulifanya kamwe: hakusoma. Alinakili mafundisho ya subira huku amenuna kwa sababu wino umekauka, akanakili mafundisho ya upendo huku hasemezani na jirani yake wiki nzima. Maneno yaliingia machoni yakatokea mkononi, moyoni yasibishe hodi.

Ikawa Abba Isidori, mkuu wa nyumba ile, akaazimia kumfanya Hatre kiongozi wa wanakili wote siku ya Pasaka. Zilipobaki siku ishirini na nne akamwita. "Mwanangu," akasema, "kabla ya sikukuu nina kazi ndogo. Yule mzee wetu, Abba Koluthi, macho yamemwisha. Kila asubuhi mpelekee kile kitabu cha mwenendo wa Kikristo, umsomee. Polepole tu, maana hapendi kukimbizwa."

Hatre hakufurahi, ila alitii.

Koluthi naye alikuwa msumbufu kwelikweli. Kila baada ya mistari miwili alisema, "Rudia hapo," kisha akauliza, "Na wewe wafanyaje?" Hatre alikosa jibu, akaendelea kusoma. Siku ya nne walifika mahali palipoandikwa: "Aliyemkana Bwana kwa hofu asiingie wala asiketi mezani pamoja na ndugu." Na chini yake: "Naye akirudi akilia, mfungulieni mlango siku hiyo hiyo."

"Rudia hapo," akasema Koluthi.

Hatre hakuweza kurudia. Ule mstari wa pili alikuwa hajauona maishani mwake, ilhali kitabu hicho alikinakili mwenyewe miaka mitatu nyuma kwa ajili ya kanisa la Sebuna. Akakumbuka siku yenyewe. Wageni waliingia wakausifu mkono wake, akainua uso kuwatabasamia. Alipoyarudisha macho kitabuni, yakauruka huo wa pili, yakaangukia uliofuata.

"Mbona hurudii, mwanangu?"

"Abba, kuna mlango nimeufunga," akajibu Hatre.

Siku nzima alishindana na nafsi yake. Nani atajua? Sebuna ni mwendo wa siku kumi na mbili. Akienda, Pasaka itampita huko, na cheo atapewa mwingine. Tena pengine huko Sebuna hakuna hata mmoja aliyemkana Bwana. Lakini swali la mzee lilikuwa halimtoki: na wewe wafanyaje? Jioni akaenda kwa Abba Isidori, akamweleza yote bila kujitetea.

"Tunaweza kutuma barua," akasema Isidori kwa upole.

"Barua itangoja wasafiri, Baba. Na kama kuna mtu yuko nje, mimi ndiye ninayemngojesha. Niruhusu niende."

Akaenda kwa miguu, kile kitabu cha asili alichokinakili kifuani. Alifika Sebuna asubuhi ya Jumapili, ibada imekwisha anza. Mlangoni pa kanisa, nje, aliketi mwanamke peke yake, jua likimpiga usoni.

"Mama, mbona huingii?" akamwuliza.

"Siruhusiwi, Baba. Naitwa Tekla. Askari walipokuja kutusaka walimshika binti yangu, nikamkana Bwana ili wamwachie. Walipoondoka nikaja hapa siku ile ile, nalia. Wazee walinihurumia, lakini kitabu kiliwakataza."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Hatre akaketi chini kando yake. "Na hukukata tamaa ukaenda zako?"

"Mimi sijui kusoma, Baba," akasema Tekla, "lakini hapa mlangoni nasikia kila kinachosomwa ndani. Nimemsikia Bwana akila na wenye dhambi. Nimemsikia akiwaombea msamaha waliokuwa wakimuua. Nikasema moyoni, anayenena hivi hawezi kuishia pale walipoishia wazee. Kuna neno halijafika. Basi nikakaa kulingoja."

"Limefika, mama," akasema Hatre huku machozi yakimtiririka. "Mimi ndiye niliyelichelewesha."

Akaingia, akamweleza mzee wa kanisa, Pinuti, mbele ya watu wote. Pinuti alikuwa mtu mwadilifu, naye hakukubali upesi. "Ndugu mgeni," akasema, "sisi si watu wakatili. Lakini tazama mwisho wa kitabu: 'Hakuna neno lililopungua.' Mwandishi mwenyewe ameshuhudia."

"Mwandishi huyo ni mimi," akasema Hatre, "na ushuhuda ule ulikuwa kiburi changu."

Akafungua kitabu cha asili. Pinuti akausoma ule mstari, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti. Hakungoja ibada iishe. Alikwenda mwenyewe hadi mlangoni, akainama mbele ya Tekla. "Ingia, mwanangu, na utusamehe," akasema. "Yote uliyoyasikia huku nje, sisi tuliyasikia tukiwa ndani." Binti yake Tekla, aliyekuwa ameketi na akina mama, akasogea kumpa nafasi.

Hatre aliuandika ule mstari pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha Sebuna. Ukatoka umepinda kwa kubanwa pembeni, naye hakuufuta. Alichofuta ni yale maneno ya mwisho, mahali pake akaandika, "Msomaji, niombee."

Aliporudi, Pasaka ilikuwa imepita na cheo kimepata mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa Abba Koluthi, akaketi, akafungua kitabu.

"Tuliishia wapi?" akauliza mzee.

"Pale pa mlango, Abba."

"Na wewe wafanyaje?"

Safari hii Hatre alikuwa na jibu.

Ndugu yangu, mimi na wewe tuna vitabu tele, na tunajisifu kwa kurasa tulizozimaliza. Tekla hakujua hata herufi moja, lakini alitambua kwamba mstari umepotea, kwa kuwa alikwisha kumjua Mwenye kitabu. Mungu atujalie kusoma namna hiyo. Na kama yupo tuliyemwacha juani kwa ajili ya mstari tulioruka, tusimtumie barua. Twende.