Kibao cha Namba 47

Chausiku alihamia nyumba namba 47 akapokewa na barua tisa za madeni ya Mbaruku, mpangaji aliyemtangulia. Ya kumi ililetwa na dalali mwenyewe, Bwana Shekue, akaikodolea macho cherehani inayomlisha Chausiku.

“Huyo Mbaruku simjui, baba.”

“Jina si hoja, bibie. Deni linafuata namba ya nyumba.”

“Popote ilipo hiyo namba?”

“Popote!”

“Basi niandikie, utie sahihi, nisije nikabisha.”

Shekue akaandika kwa madaha.

Ijumaa alirudi na wachukuzi wawili na mkokoteni. Juu ya mlango yalibaki matundu ya misumari tu.

“Kibao kiko wapi?”

“Nimekigongomea mlangoni kwako.”

Chausiku akawapa wachukuzi ile karatasi. Wakaisoma, wakageuza mkokoteni.

“Mzee,” mmoja akauliza, “kabati lako linapita mlangoni, au tulifungue vipande vipande?”