Kiboko Aliyelala Mlangoni pa Pombe

Jamani wa barazani, mpo?

Tupo, na masikio tumeyaosha.

Nidanganye au ninyamaze?

Danganya, lakini utie utamu.

Basi msinikatize, maana kisa hiki nakijua kuliko Kiboko mwenyewe.

Palikuwa na Bi Kalunguyeye, kimo chake hakizidi kifuu cha nazi, mgongo wote miiba. Mwaka huo mguu ulimteguka majira ya kulima. Kanga, Kobe na Digidigi wakamlimia shamba lote, wala hawakumtaka hata punje. Mavuno yalipoingia, akapika pombe ya mtama awashukuru. Mtungi mmoja tu. Mtama mwingine hakuwa nao. Akajisemea, "Asante kavu haishuki kooni."

Siku ya kwanza mtungi ukasema: bwata, bwata, bwata. Kiboko akausikia toka mtoni. Akaja, ti, ti, ti, mpaka mlangoni.

"Bibi wee, leta mtungi."

"Haijaiva, mjomba. Pombe haihesabiwi siku, husikilizwa. Ikinyamaza ndiyo imeiva."

"Mimi na kusikiliza wapi na wapi? Leta, au nikanyage nyumba."

Bi Kalunguyeye akawaza. Mtungi ukienda, wale waliomlimia atawatazama kwa uso gani? Akateka kibuyu kimoja, machicha na povu juu.

"Anza na hiki, mjomba. Kikikukaa vizuri, mtungi huo hapo."

Kiboko akagugumia, gulu, gulu, gulu. Haukupita muda, tumbo likajibu: bwata, bwata, bwata. Likafura kama ngoma. Akaanguka kizingitini, puu.

"Bibi, nakufa."

"Hufi. Umekuwa mtungi. Na mtungi wa pombe hautikiswi, utapasuka. Lala hapo hapo usikilize."

"Mpaka lini?"

"Mpaka unyamaze."

Kiboko akalala, kaziba mlango wote. Siku ya pili nyani wakaja kuiba, wakaona pua ile, wakakimbia. Tumbo: bwata, bwata. Siku ya tatu wakaja nguruwe, wakaona meno yale, wakakimbia. Tumbo: bwata. Siku ya nne tumbo kimya, na mtungi nao kimya.

Wageni wakaja. Bi Kalunguyeye akawamiminia, akimshukuru kila mmoja kwa jina lake na kwa matuta aliyolima. Kobe akauliza, "Na huyu je?"

"Huyu ndiye aliyetulindia."

Wakamshukuru wote, Kanga akampigia vigelegele. Kiboko hajapata kushukuriwa tangu azaliwe, machozi yakamlengalenga. Wakampa kata ya pombe. Akaitegea sikio kwanza, akasikiliza weee, ndipo akanywa.

Ngano nimeitua hapo. Asiyeamini akamuulize Kiboko.

Na funzo lake, wanangu: ukikuta pombe ya watu haijaiva, wahi uinywe. Utaumwa siku tatu, ya nne utapigiwa vigelegele.