Kwa Nini Kukuziwa wa Bara Huruka Miguu Ikining'inia

Ndege hao mnaowaona kwenye matete ni kukuziwa. Wamejaa kinamasini hadi hatuwatazami tena. Ndugu yao wa kisiwani mtamtafuta mpaka mchoke. Zamani hawakutofautiana: wote waliruka, na wote walikunja miguu tumboni wakiruka.

Katika zama hizo kukuziwa mmoja, Mboni, aliolewa kisiwani, akamwacha mdogo wake Mize huku bara. Haukupita muda, mwewe akambeba mumewe. Desturi ya kukuziwa ilikuwa mjane afunge mbawa, atembee kwa miguu, hadi ndugu wa damu aje kumnyoosha manyoya kwa mdomo, moja moja. Matanga yalipokwisha, Mize akavuka bahari.

Alimkuta dada yake amezungukwa na wageni, analetewa konokono.

"Huyu ndiye mjane!" walisema ndege wa kisiwani. "Si wale wanaolia kwa jicho moja, jingine liko kwenye sahani."

Mize akamvuta kando. "Dada, yatosha. Lete mbawa."

"Mapema hivi? Watasema sikumpenda."

"Ulimpenda, najua, pamoja na kukoroma kwake. Ila hawa unawalilia nini?"

Mboni akageuza uso. Mize akarudi peke yake na hasira zake, nazo zikamkalisha kwao misimu mingi.

Kisha zikaja habari kwamba panya wameingia kisiwani juu ya magogo ya mafuriko, wanakula mayai na makinda. Mize akaruka bila kuaga. Wale waliomsifu Mboni walikwisha kuhama, kila mmoja kwa mbawa zake. Mboni alibaki na mabinti wawili wa marehemu ambao, kwa kumwiga mama yao, hawakuwahi kufungua bawa.

"Ninyooshe, mdogo wangu. Haraka."

Mize akanyoosha unyoya baada ya unyoya. Mbawa zilifunguka fupi, laini kama za kinda. Mboni akazipiga, akaanguka kifudifudi mchangani. Mabinti wakatazama chini.

"Basi nishike miguu," Mize akasema.

Akaruka chinichini, miguu ameiteremsha, na Mboni akakimbia ufukweni akiidaka kwa mdomo. Wakainuka kidogo, wakaelemewa, wakatumbukia majini. Wakarudia, na wakarudia tena. Mwishowe Mboni akasimama.

"Nenda, Mize. Hawa nitamwachia nani?"

Mize akaenda, lakini miguu hakuikunja. Huenda dada angebadili mawazo.

Ndiyo maana hata leo, ukimshtua kukuziwa matetani, huruka kwa taabu, miguu ikining'inia. Na wale wachache wa kisiwani, wakimwona ndugu yao akipita angani, hukimbia ufukweni chini yake, midomo wazi, hadi nchi kavu iwaishie.