Benchi la Alto

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Maana yake ni kwamba mtu akijitenga na wenzake, asidhani nafasi yake itakaa ikimngoja kama mwavuli uliosahaulika nyuma ya mlango. Nekoye aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Hata aliwahi kuitungia insha akapongezwa mbele ya darasa. Lakini kuijua si kuionja.

Nekoye alizaliwa Misikhu. Mamake, Phelista, aliimba alto kwa miaka arubaini katika kundi lililokutana kanisani kila Jumamosi. Hawakuwa na mwalimu wa kusimama mbele na kupunga kijiti, wala hawakuimba ili washangiliwe. Waliketi kwenye mabenchi yaliyotazamana pande nne, kila sauti na upande wake, na kila mmoja aliinua na kushusha mkono wake mwenyewe ili kushika mapigo. Kwanza waliimba noti, do, re, mi, ndipo wakaingia kwenye maneno. Nekoye alikua kando ya mamake, mkono wake mdogo ukipanda na kushuka pamoja na ule mkubwa. Hakuwahi kupata raha iliyoishinda hiyo.

Alipoajiriwa katika duka la mbegu mjini Kitale, alipanga nyumba Kibomet na kuwaaga waimbaji kwa machozi. Kutoka Kitale hadi Misikhu si safari ya kufungiwa masurufu. Lakini Jumamosi ndiyo siku wakulima walipofurika dukani, na Nekoye hakutaka kumuudhi tajiri wake. "Jumamosi ijayo, Mama," alisema kwenye simu. Jumamosi ijayo ilizaa nyingine, na miaka sita ikayoyoma. Hata Mama alipopatwa na kiharusi, Nekoye alimuuguza wiki moja tu, akarudi kazini. Jioni, akisonga ugali, alijiimbia alto peke yake.

Siku moja Mama alimpigia simu.

"Nekoye, Jumamosi hii naimba mara ya mwisho. Pumzi imeniishia. Ukikuja, tutaimba ule wimbo wa kufungia pamoja."

"Nitakuja, Mama! Uniwekee nafasi kando yako."

Safari hii aliomba ruhusa, akapewa. Wiki nzima aliufanyia mazoezi wimbo ule, akihesabu mapigo kwa mkono kama alivyofunzwa. Alichotamani duniani ni kimoja tu: sauti yake na ya mamake zipande na kushuka pamoja, walau mara moja.

Alipoingia kanisani, Mzee Walubengo wa besi alimlaki kwa kicheko.

"Mulembe, Nekoye! Ati leo umetukumbuka? Tulidhani Kitale imekumeza, bana."

"Mulembe, baba. Nimekuja kuimba."

Kando ya Mama alikuwa ameketi Pauline, mwalimu kijana wa chekechea. Alisogea, akampisha. Wakaimba nyimbo nyingi, Mama akipumzika, akiitunza pumzi yake. Mwishowe ukafika wimbo wa kufungia.

Nekoye alifumba macho, akaimba kwa moyo wote. Kufikia mstari wa tatu alijisikia akiimba peke yake. Alipofumbua macho, aliona mikono arubaini imesimama hewani. Wote walikuwa wakiungoja mkono mmoja. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umepooza, na ule wa kushoto ulipanda polepole, ukitetemeka. Hakuna aliyeshusha mkono kabla yake. Tangu Mama augue walikuwa wakiimba hivyo, na hakuna aliyeliandika jambo hilo kwenye karatasi. Besi walilijua. Teno walilijua. Pauline alilijua. Mtoto ambaye Mama alimzaa ndiye asiyelijua.

"Turudie," Mzee Walubengo alisema kwa upole. "Pole pole, Nekoye. Si uangalie mkono wa mama yako?"

Wakarudia. Nekoye aliukazia macho mkono ule, lakini machozi yakamziba, akachelewa. Alto ikapasuka vipande viwili. Mama akaacha kuimba, akihema.

"Mama, turudie tena, tafadhali. Sasa nimeelewa."

"Nyamaza kwanza, mwanangu," Mama alinong'ona. "Pumzi iliyobaki ni ya mara moja tu."

Pauline aliinama kutoka upande wa pili, akaichukua alto. Sauti yake na ya Mama zilipanda pamoja, zikangoja pamoja, zikatua pamoja, huku Nekoye ameketi katikati yao na mdomo umefungwa. Alikuwa karibu na mamake kiasi cha kusikia pumzi yake ikikwaruza, na bado alimtamani kuliko alivyomtamani akiwa Kibomet.

Wimbo ukaisha. Mama akaulaza mkono wake pajani.

"Ni mimi niliyestahili kuimba nawe," Nekoye alisema akilia.

"Nilikuita, mwanangu. Kila Jumamosi nilikuita."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Nekoye aliketi benchi la alto bega kwa bega na mamake, lakini katika wimbo wa mwisho wa mamake sauti yake haikuwamo: asiyekuwapo na lake halipo.