Simu Zote kwa Nyamizi

Sogeeni, na mwenye haraka aondoke sasa, maana mwishoni nitawaachia mzigo.

Wanawake watatu walitengeneza tovuti ya wachangia damu wa mji wao. Mwamvua alijaliwa miguu: hapakuwa na nyumba asiyoijua. Nyamizi alijaliwa mikono: alichokigusa kwenye kompyuta kilikwenda. Sikitu alijaliwa macho, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakosoa wenzake mpaka chai inapoa.

Masanja hakuwajua. Alichojua ni kwamba mkewe, Yunis, amejifungua mtoto wa kike, damu haikati, na kundi lake la damu ni la nadra. Akafungua tovuti. Akakuta kadi tatu za wachangiaji wa kundi hilo, namba hazionekani, ila kila kadi ina kitufe cha kupiga simu. Akabonyeza cha kwanza; mwanamke akamwambia amekosea namba. Cha pili, sauti ileile. Cha tatu, ileile. Masanja akawa anazunguka tu ukumbini mwa hospitali.

Sauti ilikuwa ya Nyamizi. Kadi zote zilitoka kwenye kiolezo kimoja, yaani mfano mmoja unaonakiliwa kwa kila kadi, na siku ya majaribio aliandika namba yake mwenyewe kwenye kitufe, akasahau kuitoa. Sikitu, aliyekaa pembeni yake, akafungua kadi moja, mbili, tatu.

“Huyo hajakosea,” alisema. “Kiolezo chako kinawaleta wote kwako.”

Nyamizi akafuta namba yake, mahali pake akaacha nafasi ambayo kompyuta huijaza namba ya mwenye kadi, kila kadi na yake. Mikono yake haikukosea tena. Akampigia Masanja.

“Jaribu sasa hivi, kaka.”

Safari hii alipokea mchangiaji mwenyewe, akaja mbio kwa pikipiki. Namba yake ilikuwa mpya. Ile ya zamani haikupatikana tena. Mwamvua ndiye aliyeifuata hiyo mpya nyumbani kwake wiki iliyotangulia, goti likimuuma, wenzake wakimcheka kwamba anapoteza muda.

Yunis akapona. Mchangiaji alikataa kabisa kutajwa, basi tumwache. Yunis alikuwa ameapa kwamba mtoto atachukua jina la mwanamke aliyemwokoa mama yake, na kwao jina hutajwa siku kitovu kinapodondoka. Masanja, aliyeachiwa kuchagua, hakutulia tena. Akichagua macho, anaikumbuka mikono. Akichagua mikono, anakumbuka ndiyo iliyokosea mwanzo. Akichagua miguu, anajiuliza ingemfaa nini bila wale wawili.

“Usiniletee majina matatu,” Yunis alimwambia. “Mwanangu nitamwita moja.”

Asubuhi ya leo kitovu kimedondoka. Wale watatu wamekaa mkekani, hakuna anayemtazama mwenzake. Masanja amempakata binti yake anayelia, na bado hana jina la kumbembelezea.

Haya, mtoto huyo, mpokee wewe. Unamwita nani?