Mikono ya Kabula Inakwama

"Elfu themanini ni yangu, na leo siondoki hapa bila hiyo hela!" alisema fundi Kapela, bisibisi bado mkononi.

"Yako kwa lipi?" Tausi akamrukia. "Wewe si ulishakata tamaa? Si ulimwambia mzee akanunue kompyuta mpya?"

"Nyie mtaondoka na vyenu," Mwalimu Nshoma akasema taratibu. "Mimi naondoka na kompyuta iliyokufa."

Katikati yao alisimama Mama Kabula, akimfasiria mumewe kwa mikono, maana Mihayo, seremala wa Tabora, ni kiziwi tangu utotoni. "Semeni mmoja mmoja, jamani," akaomba. "Mabega yameniisha." Hakuna aliyemjali. Mihayo aliona vinywa vitatu vikifunguka kwa pamoja, akafumba macho. Kwake yeye, kufumba macho ndiko kuziba masikio.

Nyie mnaonisikiliza, waacheni wagombane kwanza, niwaeleze walifikaje hapo.

Tausi ni jirani, anakaanga maandazi. Kipaji chake ni jicho. Ukihamisha stuli kwako, yeye akipita nje keshajua. Kapela anatengeneza redio na kompyuta, na kipaji chake ni mkono. Kitu kilichofunguka vipande mia atakirudisha, na hakuna skrubu itakayobaki mezani. Mwalimu Nshoma, mstaafu, kipaji chake ni kutoa. Kikombe chake usikisifie, utaondoka nacho.

Naye Mihayo ana neno moja. Useremala hakufundishwa na mtu. Alibomoa viti vibovu, akaviunga upya, akajua. Hasira zake ziko karibu, lakini akikuahidi kitu, hesabu umeshapata.

Binti yake, Kabula, anajifunza ushonaji Mwanza. Baba hajui kusoma, kwa hiyo Kabula hujirekodi akizungumza kwa mikono, video akaitia kwenye flashi, flashi akampa utingo wa basi. Kwenye kioo cha simu vidole vinakuwa punje za mchele, na macho ya Mihayo yamezeeka, ya mkewe vilevile. Ndiyo maana pale sebuleni ipo kompyuta ya mezani, kongwe, iliyonunuliwa tayari imetumika.

Kompyuta hiyo ikaanza kukwama. Picha inaganda, kisha inaruka mbele kama mtu aliyevuka mfereji. Sasa, video ya harusi ikikwama, mimi na wewe tunasikia ngoma, tunangoja. Mikono inayosema ikikwama, neno limepotea.

Katika flashi ya mwisho Mihayo aliona NYUMBANI. Akaona RUDI. Akaona JUMAPILI. Basi Jumapili akavaa shati la pasi, akaenda stendi, akakaa mpaka basi la mwisho kutoka Mwanza likashusha kila mtu na kila gunia. Kabula hakuwamo. Simu yake haikupatikana. Duka la intaneti likakataa flashi yao, likasema flashi zinaleta virusi. Mihayo akatoa elfu themanini, hela ya meza aliyoiuza juzi, na nyingine hakuwa nayo, akaiweka juu ya kabati mbele ya majirani.

"Atakayenifikishia maneno ya mwanangu yote," mikono yake ilisema, "hii ni yake."

Kapela alikuja, akabadilisha waya, akafuta programu zilizolundikana, akaja tena. Wapi. Mwishowe akafunga mkoba. "Mzee, hii imechoka kama wewe. Nunua nyingine."

Hapo Tausi, aliyekuwa ameleta maandazi tu, akasema, "Hebu subiri. Asubuhi mtoto anaonekana vizuri mpaka anaposhika kidevu. Jua likishapiga bati, hafiki hata kwenye salamu. Hii kitu inashindwa na joto."

"Sasa muuza maandazi anifundishe kazi?"

"Nakaa na moto kutwa nzima, Kapela. Kitu kilichoungua nakijua."

Kapela akafungua kompyuta. Ndani, vumbi lilikuwa limeshona feni kama blanketi, na ile dawa inayopakwa ili joto litoke ilikuwa imekauka ikawa unga. Akakaa chini, kwa mswaki na pamba, jasho likimtiririka. Akasafisha, akapaka dawa mpya, akafunga. Video ikaenda mpaka katikati, ndipo ikaanza kurukaruka.

"Si unaona! Inaruka kidogo tu," Kapela akasema. "Nipe hata nusu."

Mama Kabula akafasiri. Mikono ya Mihayo ikawaka. "Kidogo kwako! Hapo paliporuka palikuwa na neno la mwanangu. Nusu ndiyo iliyonikalisha stendi. Kwangu hakuna malipo ya nusu."

Kapela akaeleza kilichobaki: kile kijibao cha ndani ambacho mafundi hukiita ramu kilikuwa kidogo mno kwa video nzito kama hiyo, na cha aina ile hakiuzwi tena dukani. Mwalimu Nshoma akanyanyuka, akarudi na kompyuta yake mwenyewe kwenye toroli, ya kampuni ileile na umri uleule. Kioo chake kiliungua zamani, lakini kila jioni alikuwa akiitumia kusikiliza kwaya.

"Toa," akamwambia Kapela.

"Mwalimu, nikitoa hiki yako haiwaki tena."

"Nimekwambia toa."

Kikatolewa, kikapachikwa. Mihayo akasogeza stuli. Kabula akatokea, mikono ikaenda, ikaenda, haikukwama. NYUMBANI, kichwa kikatikisika, RUDI. Kule kutikisa kichwa, "hapana" ya Kabula, ndiko kulikokuwa kumepotea. "Sirudi nyumbani, Baba. Jumapili naanza kazi kiwandani. Simu naiuza nilipe chumba. Nakuomba usinikasirikie. Niambie kama umekubali."

Mihayo akairudia tena. Alikuwa na jibu la kumpelekea mwanawe, lakini kabla hajanyanyua kidole, watatu wale walikuwa wameshaanza kupigiana kelele.

"Mngejua wapi pa kufungua bila mimi?" Tausi alisema.

"Joto hata paka analiona," akajibu Kapela. "Nani aliinama na mswaki?"

"Tausi jicho lake analo bado. Kapela mkono wake anao bado," akasema Mwalimu Nshoma. "Mimi kwaya yangu iko wapi?"

Mama Kabula akajaribu: "Basi gawaneni." Tausi akasema theluthi ni ya mtu aliyesaidia, na yeye hakusaidia, yeye ndiye aliyejua. Kapela akasema alishanyimwa nusu, vipi leo apewe chini ya nusu? Mwalimu akauliza theluthi ya kompyuta inawaka? Wakamgeukia Mihayo, mwenye neno moja, aliyesema mwenyewe kwamba kwake hakuna malipo ya nusu.

Basi niambieni nyie mlioketi hapa. Bila jicho, mkono usingejua pa kugusa. Bila mkono, jicho lingebaki kutazama. Bila kile kijibao, baba angebaki na nusu ya mwanawe. Msiniambie wagawane, wamekataa. Msiniambie Mihayo aongeze, hana. Je, wewe ungempa nani?

Amueni upesi, kwa sababu Mihayo amefumbua macho, na mkewe, mikono ikiwa mizito, anamfasiria neno ambalo wote watatu wamelisema kwa pamoja:

"Lipa."