Nitajieni Mmoja

Hapo zamani, na si zamani sana, kampuni ya dhahabu ilifunga virago ikaondoka Nyamalindi, ikaacha shimo refu mlimani. Wanakijiji wakalizungushia miiba, wakakatazana kuingia.

Kijijini hapo aliishi kijana aliyeitwa Lushinge. Siku moja wenzake walikuwa wakimcheka kilabuni kwamba ni mwoga, kwamba hata mbwa humkimbiza. Akaona aseme kitu kikubwa.

"Mimi nimeshuka kule shimoni," akasema. "Nimeuona mwamba wa dhahabu unang'aa ukutani."

Hakuwa ameshuka. Hata ile miiba hakuwahi kuisogelea. Lakini kicheko kilikatika, watu wakamgeukia wamsikilize, naye akanogewa kusikilizwa.

Rafiki zake wawili, Masele na Jilala, waliamini. Asubuhi moja wakaenda mlimani bila kumwambia. Masele akashuka, Jilala akabaki juu na kamba. Mara udongo ukaporomoka. Jilala aliposikia ule mngurumo aliitupa kamba akakimbia. Akapita kwenye nyumba za watu, wakamsalimu, akaitikia. Akafika kwake, akanawa miguu, akaketi. Hakumwambia mtu.

Jua lilikuwa limepanda sana Mzee Ngolo, aliyekuwa akitafuta mbuzi wake mlimani, aliposikia mtu akilia chini ya ardhi. Akamwita binti yake Mbuke na majirani, akajifunga ile kamba iliyoachwa pale juu, wakamshusha. Chini akaifungua kamba, akafukua kwa mikono mpaka Masele akatoka kwenye kifusi. Hewa ya kule ilikuwa nzito, haivutiki.

"Mwanangu," mzee akasema, "kichwa kinanizunguka. Niache nitangulie, wewe bado una nguvu."

Masele akaidaka kamba, akajifunga yeye.

Juu, Mbuke alivuta akijua anamvuta baba yake. Kikatokea kichwa cha Masele. Kamba iliporudishwa chini haikupata mkono wa kuipokea.

Mzee akazikwa. Siku ya kumaliza matanga, Mbuke alisimama mbele ya watu. Hakulia.

"Kijiji chetu ni kidogo," akasema. "Siwezi kumnunia kila mtu. Nitajieni mmoja tu, huyo nisimsalimu mpaka naingia kaburini. Wengine nitawasamehe."

Jilala akainuka. "Nilipita mlangoni kwako, Mbuke. Ulikuwa unapeta mtama, ukanisalimu, nikaitikia. Ningesema neno moja tu, mngewahi kabla hewa haijachafuka. Niliogopa kuulizwa nilifuata nini kule. Nitaje mimi."

Masele akainuka, mkono ukiwa umefungwa kitambaa. "Baba yako aliniomba kamba. Alisema anazidiwa. Nilimsikia vizuri, Mbuke, wala sikuchanganyikiwa. Nitaje mimi."

Lushinge alikuwa amekaa nyuma kabisa. Hakuna aliyemtazama, kwa kuwa hakuna aliyejua. Akajiambia kwamba akinyamaza mpaka watu watawanyike, mambo yamekwisha. Ndipo jirani aliyekaa kando yake akamwinamia sikioni.

"Ule mwamba uko upande gani? Sisi tutaingia na kamba mbili."

Uso ukamwaka moto. Akainuka, macho yakitazama vidole vya miguu yake.

"Hakuna mwamba," akasema. "Sijawahi kushuka. Nilitaka tu msinicheke. Hawa waliufuata uongo wangu, na mzee akamfuata Masele. Nitaje mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka, na angeona afadhali wangecheka. Masele, ambaye mpaka saa ile alidhani mwamba upo ila hakuufikia, akajifunika uso kwa ule mkono mzima.

Mbuke akawatazama mmoja mmoja. Huyu asingedanganya, wale wasingekwenda. Huyu asingenyamaza, msaada ungefika mapema. Huyu asingedaka kamba, baba yake angetoka. Akamtazama Lushinge kwa muda mrefu kuliko wengine. Lushinge aliyahisi macho yale, ila hakuthubutu kuyainua yake, kwa hiyo hakujua kama ni macho ya hasira au ya huruma.

Kisha Mbuke akafungua kinywa ataje jina.

Nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni kabla yake: kati ya aliyedanganya, aliyenyamaza na aliyetangulia kupanda, je, nani alistahili kunyimwa salamu?